Shela Haijauzwa Yote

(Hotuba kwa wenyeji wa Shela, kisiwani Lamu, baada ya sala ya alasiri)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu mlioketi upande wa kivuli, ndugu zangu manahodha na mafundi, na nyinyi vijana mlioziacha boti zenu saa hizi ambazo ndege inatua Manda na abiria wanataka kuvushwa: shukrani. Najua kuja hapa kumewagharimu, kwa hivyo sitazunguka.

Nina jambo moja. Utalii haukuigeuza Shela kwa sababu wageni walikuja wakalala. Umeigeuza kupitia nyumba na viwanja vilivyotoka mikononi mwetu. Mgeni anayelala hulipa, hula, huvushwa na mashua ya mtoto wetu, kisha huenda zake, na mwakani tuna hiari ya kumkaribisha tena. Nyumba ikishauzwa, hiari hiyo hatunayo. Lakini zipo nyumba ambazo bado ni zetu, na nyuma ya nyumba upo mchanga. Hayo ndiyo nataka tuyazungumze, na mnivumilie nikianzia mbali kidogo.

Watu wakiisimulia Shela ya zamani huisimulia kama pepo. Samaki tele, milango wazi, hakuna haraka. Tusidanganyane. Wazee walioko hapa wanaikumbuka Shela ya magofu. Kijiji hiki kilianzishwa na watu waliotoka Takwa, ng'ambo ya mkondo, na mpaka leo tunavuka kwenda kuwazuru pale kwenye kaburi lenye nguzo. Mwanzoni mwa karne ya 19 jina la Shela lilijulikana pwani nzima. Kiasi cha mwaka 1812 majeshi ya Mazrui wa Mombasa na ya Pate yalishuka kwenye ufuo huu huu kuja kuitwaa Lamu, yakashindwa, na mifupa ya waliouawa imekuwa ikifichuliwa na upepo mchangani vizazi hata vizazi. Msikiti wetu wa Ijumaa, ule wenye mnara mweupe, ni wa mwaka 1829. Mji usio na kitu haujengi mnara kama ule.

Halafu mambo yakaharibika. Biashara ya majahazi ilihamia Zanzibar na Mombasa. Mashamba ya bara yalikuwa yakilimwa kwa jasho la watumwa, na hilo tuliseme bila kulipinda, kwa hivyo utumwa ulipofutwa kabisa mwaka 1907 mashamba yale yakafa na mali ya wengi ikafa nayo. Vijana wakaenda Mombasa kutafuta kazi bandarini. Nyumba ya mawe haingoji mtu. Chokaa isipopakwa upya mvua huingia ukutani, boriti za mikoko zinaoza, dari linashuka, na kilichobaki ni kuta nne zenye mtini ndani yake. Shela ilikuwa na kuta kama hizo kila kona.

Kwa hivyo hoteli ya Peponi ilipofunguliwa mwaka 1967 haikukikuta kijiji tajiri kilichokuwa kikistarehe. Ilikuta watu wachache, nyavu, punda, na magofu. Katika miaka ya 70 wakaja mahipi, nywele ndefu na mikoba begani, wakilala kwenye madari kwa pesa kidogo na kula walichokula wenyeji. Wengine walitutia aibu kwa mavazi yao na kwa bangi yao, na mimi silifichi hilo. Lakini walikuwa wageni kwa maana tuliyoizoea. Pwani hii imepokea wageni wa msimu karne nyingi. Kaskazi ikivuma waliingia na majahazi kutoka Hadhramaut, Omani na Ghuba, wakauza tende na mazulia, wakangoja kusi iwarudishe kwao na shehena ya boriti. Aliyeamua kubaki alioa hapa, alisali hapa, alizika wazee wake hapa, na wajukuu wake ndio baadhi yenu mlioketi mbele yangu. Kubaki kulikuwa na masharti: kuwa mtu wa mahali hapa.

Wanunuzi walipokuja, sharti hilo halikuwapo.

Naomba nilieleze hili kwa utulivu kwa sababu wengi tunalielewa nusu. Tunasema "wazungu wamenunua Shela" kana kwamba walikuja usiku wakachukua. Nyumba zetu ziliuzwa na sisi, na mara nyingi sababu ilikuwa mirathi. Mzee anafariki. Ameacha nyumba moja, wake wawili, watoto tisa. Kila mmoja ana fungu lake, na fungu hilo ni haki aliyoiweka Mwenyezi Mungu, hakuna wa kulipunguza. Lakini nyumba yetu ya mawe haigawanyiki. Upana wa chumba unafuata urefu wa boriti, na boriti haivuki sana mita 3. Daka la kuingilia ni moja, kiwanda, yaani ua wa ndani, ni kimoja, na msana, yaani ukumbi mrefu mwembamba, mmoja unafuata mwingine mpaka ndani. Utawagawia vipi warithi 11? Kaka wa Mombasa anataka fungu lake amalize kujenga Kisauni. Dada ana mgonjwa. Aliyebaki ndani ya nyumba hana pesa za kuwafidia wenzake, na dari linavuja. Hapo ndipo dalali anapobisha hodi, na mfukoni ana jibu la maswali yote kwa siku moja.

Simlaumu aliyeuza hivyo. Ninachosema ni kwamba mlango wenyewe ulikuwa huo, na mpaka leo uko wazi.

Tuseme na mazuri, maana tukiyaficha hatutaaminika. Magofu yalisimamishwa. Ufundi wa chokaa, wa zidaka zile za ukutani, wa kuchonga milango, uliokuwa unakwenda kaburini na mafundi wake, ulipata vijana wa kuurithi kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuulipa. Wapo miongoni mwenu mnaojenga leo Manda, Kilifi, hata Zanzibar, na mlijifunza kazi hiyo kwenye vichochoro hivi. Wapishi wamesomesha watoto mpaka chuo kikuu kwa mshahara wa jikoni. Wapo pia wageni walionunua nyumba wakawa majirani wa kweli: wanakuja kwenye maziko, watoto wetu wanawaita kwa majina, na dawa za watu wengi zimepatikana kwa msaada wao. Hao tunawajua na wanajijua.

Lakini tembeeni Shela mwezi wa Mei, kusi imechacha, mvua ya masika inanyesha, hoteli zimefungwa. Hesabuni nyumba zenye taa. Nyumba zile nzuri, zilizotengenezwa kwa mapenzi na pesa nyingi, ndani yake yuko mlinzi peke yake na paka. Kisha mwulizeni kijana aliyeoa mwaka huu anakaa wapi. Atawaambia Wiyoni, au Kashmiri, au amepanga chumba nyuma ya mji wa Lamu, na kila asubuhi anakuja Shela kufanya kazi katika mtaa aliozaliwa babu yake. Bei ya kiwanja hapa haiwekwi tena na mapato ya mvuvi wala ya mwalimu. Ulipozinduliwa mradi wa LAPSSET, ule wa bandari mpya ya Lamu, mwaka 2012, hata waliokuwa hawajasikia jina la Shela wakaanza kuulizia viwanja. Shule na misikiti inaishi kwa watu wanaolala mahali. Safu za alfajiri mnaziona wenyewe.

Na kuna sitara. Hili wanaume tunalipitia haraka, na ndilo linalowaumiza mama zetu zaidi. Nyumba ya Kiswahili ilijengwa iangalie ndani. Kiwanda chake ni mahali mwanamke anakaa bila mtandio, anasuka nywele za binti yake, anaanika nguo, na hakuna jicho la nje. Nyumba za jirani zilikuwa za urefu mmoja kwa sababu hiyo. Sasa mtu anapandisha ghorofa ya tatu, juu yake anaweka bustani ya makuti na viti vya kuangalia bahari, na kabla macho hayajafika baharini yanapita kiwandani kwa mama fulani. Mama huyo hakuuza chochote, wala hakulipwa senti, lakini kiwanda chake amekipoteza: amebaki kukaa chumbani na joto lake, au kufunika uwazi kwa turubai. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na mjini kuna taratibu za ujenzi zinazosimamiwa pamoja na Makumbusho ya Taifa. Eneo lenyewe lililoandikwa ni takriban hekta 16 za mji ule. Sisi wa Shela inatubidi tuitake wenyewe kaunti itupangie urefu wa nyumba, na tuitake kwa maandishi.

Vijana, najua mnalofikiri. "Mwalimu, bila watalii tungekula nini?" Swali zuri, na jibu lake mmeliishi. Septemba 2011 mtalii Mwingereza aliuawa Kiwayu na mkewe akatekwa nyara. Tarehe 1 Oktoba, Mfaransa akachukuliwa Manda, hapo mbele yetu, tunapopaona kwa macho. Wageni wakakatika. Na kwa sababu za usalama wavuvi wakakatazwa kuvua usiku, na marufuku hiyo ikadumu miaka. Juni 2014 yakaja mauaji ya Mpeketoni na amri ya kutotoka nje usiku. Machi 2020 ndege za kimataifa zikasimama kwa ajili ya korona. Kila mara ilikuwa hivyo hivyo: hodari wa lugha nne, Kiitaliano na Kihispania ndani yake, akabaki kuketi gatini, na wengine wakaangukia unga, dawa za kulevya ambazo zimewala vijana wengi wa Lamu na Malindi. Nani aliyesimama kidogo? Ni yule aliyekuwa na nyumba yake, asiyedaiwa kodi, na mama wa kuanza tena kuuza mahamri barazani kwake. Nyumba yako ndiyo inayokubeba mgeni asipokuja. Ukiiuza ili ununue boti ya watalii, umebaki na kitu kimoja tu, na kitu hicho kinategemea habari zitakazosomwa Ulaya kesho asubuhi.

Majirani zetu wa Malindi wamelipitia hili kabla yetu na kwa ukubwa zaidi. Waitaliano walifika kwa wingi tangu siku za kituo cha roketi cha San Marco kule Ngomeni miaka ya 60, mji ukajengwa kwa ajili yao, na biashara hiyo ilipolegea zikabaki hoteli zimefungwa kwenye viwanja vya ufuoni ambavyo mwenyeji hawezi tena kuvikanyaga. Aliye na ndugu Malindi amwulize.

Sasa mchanga, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nyumba iliyouzwa inaweza kununuliwa tena lakini hili likiharibika halina marekebisho.

Vilima vile vya mchanga vinavyoanzia nyuma ya kijiji na kufuata ufuo ule wa kilomita 12, vijana wa kizazi hiki mmevizoea kama mahali pa kupiga picha jua likizama. Vilima vile ni kisima. Kisiwa hiki hakina mto. Mvua ya masika ikinyesha juu ya mchanga huzama mara moja, haikimbilii baharini, haikaushwi na jua, inakwenda kutulia chini. Na chini kabisa kuna maji ya bahari, maana kisiwa kimezungukwa. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hivyo yanaelea juu yake kama samli juu ya mchuzi. Wataalamu wa maji wana hesabu yao: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna kiasi cha mita 40 za maji matamu yanayoizuia chumvi isipande. Igeuzeni hesabu hiyo. Ukivuta maji mpaka yakashuka nusu mita tu juu, chumvi huko chini inaelekea kupanda mita 20. Haipandi siku hiyo hiyo, inachukua muda, na ndiyo maana mtu anaweza kuvuta miaka kadhaa akadhani hakuna kitu. Siku ndoo inapotoka na magadi, umechelewa.

Visima vya mchangani ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu, si Shela peke yake. Hospitali, shule, misikiti, wote wanategemea mvua iliyonyonywa na vilima hivi. Sasa pigeni hesabu ya kijiji chenye mabwawa ya kuogelea, na bustani za majani zinazonyweshwa kiangazi, na mashimo ya vyoo vya nyumba kubwa yaliyochimbwa kwenye mchanga ule ule unaopitisha kila kitu. Ongezeni anayechota mchanga wenyewe akausomba kwa ajili ya ujenzi. Kila kilima kinachosawazishwa ni mahali ambapo mvua ijayo haitahifadhiwa. Na kila inaposikika kwamba kuna mtu amepimiwa kiwanja juu ya vilima, tusiseme "ni mambo ya wakubwa". Ni ndoo ya mama yako.

Hapa nasema kwa ukali na siombi radhi: juu ya mchanga hakuna cha kujadiliana. Nyumba, mwenye nyumba ana haki ya kuamua, na sisi tutamshauri. Mchanga hauna muuzaji halali.

Ufuo nao. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Hakuna mlinzi wa nyumba yoyote mwenye mamlaka ya kumfukuza mama anayeokota chaza, au mvuvi anayevuta mashua yake kuitia dawa. Mkifukuzwa, msigombane. Nendeni ofisi ya BMU, kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuo, semeni siku, saa na mahali.

Kifungu cha 65 cha Katiba hiyo hiyo kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, na muda usizidi miaka 99. Waliokuwa na milki ya daima kabla ya hapo, milki zao ziligeuzwa kuwa za miaka 99. Kuna watu wamenijia na furaha: "Basi zitarudi kwetu." Hapana. Milki ile imerudi kwa Jamhuri, siyo kwa wajukuu wa aliyeuza. Na nyinyi vijana mnaoombwa kumwazima mtu jina lenu, ili hati iandikwe kwa raia huku pesa na amri zikiwa za mwingine: kifungu kile kinaihesabu kampuni kuwa ya raia pale tu raia wanapoimiliki yote. Anayewaambia ni karatasi tu anawaingiza katika kesi ambayo yeye ataikimbia kwa ndege.

Basi tufanyeje na mirathi? Njia zipo, na si ngeni.

Mwenye nyumba aliye hai na mwenye afya anaweza kuifanya wakf ya kizazi chake. Watoto na wajukuu wanakaa, au wanaipangisha na kugawana mapato, lakini hakuna wa kuiuza. Misikiti yetu imeishi kwa wakf karne nyingi, na Tume ya Wakf ipo kisheria. Lakini lifanyeni mkiwa wazima, kwa maana mtu akishaingia maradhi ya mauti hawezi kuvuka thuluthi. Na zungumzeni na watoto kwanza, msiwafungie mali kimyakimya mkawaachia chuki.

Pale ambapo warithi wameshaingia, kukodisha ni bora kuliko kuuza. Mtu anataka gofu lako? Alitengeneze kwa gharama yake, akae miaka 15 au 20 mtakayopatana, kisha arudishe nyumba nzima na dari lake. Mkataba uandikwe na wakili wenu, siyo wake, na usajiliwe. Mapato yagawanywe kwa mafungu yale yale ya mirathi, dada apate lake bila kusukumwa. Na jambo la tatu, ambalo ni gumu: sisi wenyewe tuwe na mfuko. Manahodha, mafundi, wenye nyumba za wageni, kila mtu akitia kidogo kwa msimu wa Disemba na wa Agosti, ili mrithi mmoja anapobanwa na ugonjwa tuweze kumkopesha thamani ya fungu lake na nyumba isilazimike kwenda sokoni kwa ajili ya dawa. Haitatosha kununua nyumba nzima. Lakini nyumba nyingi zilizopotea hapa zilipotea kwa shida ya mtu mmoja tu.

Daftari liko mezani kwa katibu. Familia yenye nyumba au gofu ambalo mirathi yake haijagawanywa iandike jina la marehemu, idadi ya warithi, na nani anakaa ndani sasa. Msiandike bei, hatuulizi bei. Alhamisi baada ya alfajiri mashua mbili zitaondoka hapa gatini kwenda mjini kwa Kadhi, nauli imeshalipwa, na wakili amekubali kuketi nasi mpaka adhuhuri. Chukueni hati mlizonazo, hata zilizoliwa na mchwa, na vyeti vya vifo. Akina mama ambao ni warithi waje wenyewe, wasiwakilishwe na kaka.

Maswali sasa, na tuanze na upande wa akina mama.